Bima ya nyumba ya makuti na safari ya mama mwenye presha: hatua kwa hatua

Fomu ya bima aliyojaza shangazi yangu ilikuwa na visanduku vitatu kwenye swali la paa: bati, vigae, zege. Nyumba yake ipo kijijini, kaskazini mwa Bagamoyo. Vyumba vimeezekwa bati, lakini baraza na jiko ni makuti. Wakala akatia alama kwenye bati, akasema, "Hiyo haina shida, mama," ada ikalipwa. Mwaka wa pili, usiku wa upepo, cheche za jikoni zikapanda juu. Makuti yaliteketea kabla ndoo ya tatu haijafika kutoka kisimani, moto ukaingia kwenye kenchi za vyumba. Kampuni ikamtuma mtathmini hasara. Akayatazama majivu, akaifungua ile fomu, akauliza: "Hapa pameandikwa bati. Haya makuti yametoka wapi?" Madai yakakataliwa.

Tangu siku hiyo sijaacha kuwasindikiza ndugu na majirani kwenye ofisi za bima, na ninayoyaandika hapa nimeyaokota huko. Ni kwa ajili ya mwenye jambo ambalo fomu haikulitarajia: nyumba ya makuti, nyumba kongwe ya mawe, nyumba iliyofungwa kwa sababu mwenyewe yuko Muscat au Birmingham, mzazi mgonjwa anayekwenda kumtembelea mwanawe Ulaya, au kijana anayetaka kupanda Kilimanjaro.

Hatua ya kwanza: liandike jambo lako lilivyo

Kabla hujamwona wakala yeyote, chukua karatasi. Kwa nyumba, andika kuta ni za nini: tofali, matumbawe na chokaa, au udongo na fito. Andika paa la kila sehemu, si la sehemu kubwa tu. Umeme ulifungwa lini, na fundi gani? Jiko liko hatua ngapi kutoka ukutani? Nani analala humo, na miezi mingapi kwa mwaka? Nani mwingine anaitumia nyumba: mpangaji, mgeni wa siku tatu, mama lishe wa barazani? Kwa safari, andika jina la msafiri, umri wake, dawa anazomeza, anakokwenda, siku atakazokaa na mambo atakayofanya huko.

Karatasi hii ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Katika bima, anayeomba kinga ana wajibu wa kusema kila jambo linaloweza kubadili uamuzi wa kampuni, au kubadili ada. Ukinyamaza kwa sababu hukuulizwa, kampuni bado inaweza kukukamata kwa kunyamaza kwako. Kwa hiyo ipeleke na nakala yake ikagongwe muhuri wa kupokelewa, au itume kwa baruapepe ibaki na tarehe. Fomu ikikosa kisanduku chako, andika pembeni kwa kalamu, "Baraza na jiko ni makuti," kisha tia sahihi hapo hapo. Usikubali kusaini fomu tupu ili wakala "akamalizie ofisini". Shangazi naye alimwachia wakala ajaze.

Hatua ya pili: itafute thamani ya kweli

Bima ya nyumba haikingi kiwanja. Ardhi haiungui. Kinachotakiwa ni gharama ya kuijenga upya nyumba ileile, mahali palepale, kwa bei za leo, pamoja na kusomba kifusi na kumlipa mchoraji. Bei ambayo dalali wa viwanja angekutajia ni hesabu nyingine kabisa.

Wengi hushusha thamani ili ada ipungue, na hapo ndipo wanapojiumiza. Mikataba mingi ina kanuni ya uwiano. Tuseme kujenga upya kunahitaji shilingi milioni 120, nawe umekata bima ya milioni 60. Moto ukila jiko na chumba kimoja, hasara ya milioni 20, hulipwi milioni 20. Umekinga nusu, basi unalipwa nusu: milioni 10, na hapo bado haijatolewa ile sehemu ya mwanzo ya hasara ambayo mkataba unakutaka ujibebee mwenyewe. Nimeona watu wakibishana na kampuni kwa miezi juu ya hesabu hii. Kumbe kampuni ilikuwa sahihi, kwa sababu imeandikwa kwenye mkataba.

Nyumba kongwe zina hesabu yake. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001. Huko huwezi kuangusha ukuta wa matumbawe ukapandisha tofali za saruji kama upendavyo. Kuna kibali, kuna chokaa, kuna boriti za mikoko, kuna mlango wa nakshi ambao fundi wake hapatikani kila mtaa. Mwombe mthamini anayezijua nyumba hizo aandike gharama ya kuirejesha kwa vifaa vya asili, na hakikisha mkataba unasema hivyo kwa maneno. Usipofanya hivyo, kampuni itakupigia hesabu ya nyumba ya kawaida ya ukubwa huo.

Na kama unataka kuikarabati, simama kwanza. Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 pale Forodhani, Zanzibar, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakafariki. Nyumba kongwe huwa hatarini zaidi mafundi wakiwa ndani. Bima ya kawaida ya nyumba huondoa uchakavu wa taratibu, na mara nyingi huondoa pia hasara inayotokana na ujenzi. Kwa miezi ya kazi unahitaji bima ya kazi za ujenzi, inayomkinga pia mpita njia atakayeangukiwa na jiwe.

Hatua ya tatu: jua unazungumza na nani

Wakala huuza kwa niaba ya kampuni. Dalali wa bima, ambaye wengine humwita mshauri, kazi yake ni kukuwakilisha wewe mteja na kuzunguka kwenye kampuni kadhaa. Kwa gari la kawaida, wakala anatosha. Kwa jambo lisilo la kawaida, nenda kwa dalali, kwa sababu ndiye anayejua kampuni gani huwa inakubali makuti, ipi inakubali mzee wa miaka 78, na ipi itasema hapana hata ukilipa mara mbili. Kampuni yenyewe nayo huenda ikahitaji kupeleka sehemu ya hatari yako kwa kampuni za bima mtawanyo, yaani zile zinazozikinga kampuni nyingine za bima, kabla haijakujibu. Wiki mbili za kusubiri si dharau. Anza mapema.

Tanzania, kampuni, wakala na dalali wote hupewa leseni na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Kenya, kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, IRA. Uliza namba ya leseni bila kuona haya. Mwenye leseni hatanuna.

Kwa wanaotaka bima inayofuata sharia, uliza takaful. Kenya kampuni ya Takaful Insurance of Africa ilianza mwaka 2011, na Tanzania nayo imefungua njia kwa huduma hiyo. Lakini hata huko, yale maswali ya makuti na umri yanabaki palepale.

Hatua ya nne: makuti, nyumba iliyofungwa, wageni wa kulipa

Kampuni haichukii makuti. Inachoogopa ni moto unaosambaa kwa dakika chache na nyumba zilizobanana. Kwa hiyo mpe mkaguzi sababu za kukukubali. Jiko la mkaa na mafiga yatoke chini ya makuti, yahamie kwenye kibanda cha bati. Nyaya zinazopita kwenye pau ziingizwe kwenye mabomba, na kazi ifanywe na fundi mwenye leseni (Tanzania hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) akuachie karatasi yake. Weka mitungi ya kuzimia moto yenye tarehe ya ukaguzi isiyopitwa, pipa la maji na ngazi inayofika juu. Kwa paa kubwa la hoteli au ukumbi, ongeza kinga ya radi na dawa ya kuchelewesha moto, na utunze risiti, maana dawa hiyo hurudiwa. Nasi tukafanya hivyo kwa shangazi baada ya ule moto. Mkaguzi alipofika alipima kwa hatua umbali wa kutoka jikoni hadi barazani, akaandika 9 kwenye daftari lake. Safari hii kampuni ilikubali, kwa ada ya juu kuliko ya bati tupu, na neno "makuti" limeandikwa kwenye hati yenyewe.

Uliza pia upepo na mafuriko. Watu hudhani vimo ndani ya bima ya moto, kumbe mara nyingi ni nyongeza unayoilipia. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia tarehe 4 Mei 2024 kilitukumbusha kwamba pwani yetu nayo inafikiwa.

Nyumba iliyofungwa ndiyo inayowauma sana ndugu zetu walio nje. Umejenga kwa jasho la miaka kumi, unakuja Desemba kwa wiki tatu, miezi mingine yuko mlinzi. Mikataba mingi ina kipengele cha nyumba isiyokaliwa: ikikaa tupu zaidi ya siku zilizotajwa, aghalabu 30 au 60, kinga ya wizi na ya maji hukatika au hupungua. Mlinzi anayelala kwenye kibanda cha getini si mkaazi wa nyumba. Iambie kampuni ukweli, uombe nyongeza ya nyumba isiyokaliwa, kisha ufuate masharti yake: maji yafungwe kwenye bomba kuu, mtu aingie ndani kila wiki na kuandika kwenye daftari. Soma tena kipengele cha wizi. Mara nyingi hulipwa pale tu penye alama ya kuvunja, na kama aliyeiba ni mwenye ufunguo uliyempa mwenyewe, mlango utakuwa mzima na hutapata kitu.

Na siku unayoanza kuwapangisha wageni kwa usiku mmoja mmoja kupitia Airbnb au kwa simu, nyumba yako machoni pa bima imekuwa biashara. Mgeni akiteleza kwenye ngazi, bima ya makazi haitamsikiliza. Ongeza kinga ya dhima kwa watu wengine, na uitaje biashara hiyo kwa jina lake.

Hatua ya tano: safari ya mzazi

Mama mdogo, miaka 71, presha na kisukari, alialikwa na bintiye Ujerumani. Kanuni ya visa ya Schengen, ile ya kundi la nchi za Ulaya ikiwemo Ujerumani, inataka bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000, inayofanya kazi katika nchi zote za Schengen kwa siku zote za kukaa, na inayolipa matibabu ya dharura, kulazwa, kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa, na kurudisha mwili mtu akifariki. Cheti cha aina hiyo kinapatikana kwa dakika tano. Ubalozi unakipokea. Tatizo liko ukurasa wa nne, ambapo vyeti vingi vya bei nafuu vinasema magonjwa aliyokuwa nayo msafiri kabla ya safari hayakingwi. Kwa maana hiyo, kwa mama mdogo, kilikuwa kinakinga kila kitu isipokuwa kile hasa ambacho kingemlaza.

Uliza kwa maandishi, kwa swali lisilo na kona: "Presha yake ikipanda ghafla akiwa Hamburg akalazwa siku nne, mnalipa?" Majibu huwa ya aina tatu. Kuna wanaosema hapana. Kuna wanaolipa kumtuliza tu mpaka aweze kusafiri. Na kuna wanaoukubali ugonjwa wenyewe kwa ada ya ziada baada ya kuona barua ya daktari. Barua hiyo iwe na majina ya dawa na vipimo vyake, namba za presha na sukari za karibuni, na tarehe ya mwisho aliyolazwa. Angalia sharti linalotaka ugonjwa uwe "imara", yaani umetulia. Mara nyingi, daktari akibadili dozi wiki chache kabla ya safari, kampuni huuhesabu ugonjwa kuwa haujatulia. Dozi ikibadilika baada ya kulipa, wapigie kabla ya kupanda ndege. Mwisho, uliza kama ada inarudishwa visa ikikataliwa.

Jambo la kurudisha mwili tunaona vibaya kulitaja, nasi ni watu wa kuogopa uchuro. Litaje. Tunajua wote michango inavyopitishwa kwenye makundi ya WhatsApp mtu wetu akifia ugenini, na familia inavyokaa siku nyingi bila kuzika.

Waliohamia nje wanaokuja nyumbani wana mtego wa upande wa pili. Uingereza, bima ya mwaka mzima ya safari nyingi huweka ukomo wa siku kwa kila safari, mara nyingi 31. Ukija Tanga kwa miezi miwili, siku ya 32 huna bima, ingawa kadi inaonyesha mwaka haujaisha. Kwa wenye maradhi mazito, huduma ya MoneyHelper huko Uingereza ina orodha ya kampuni zinazobobea kwa wagonjwa. Anzia hapo badala ya kupiga simu kumi na kukataliwa kumi. Na wageni wanaoingia Zanzibar kutoka nje, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, hutakiwa kununua bima ya Shirika la Bima la Zanzibar kwa dola 44. Hiyo ni ya kuingilia kisiwani. Kama tiketi ikipotea bure kwa sababu umeugua kabla ya kuondoka, utahitaji bima yako ya huko ulikotoka.

Hatua ya sita: mlima, kina na mpaka

Kila Desemba Watanzania wengi hupanda Kilimanjaro kuadhimisha Uhuru, na si wote wenye bima inayofika juu. Mikataba ya safari huweka ukomo wa mwinuko. Pima kwa njia ya Marangu: Mandara ni mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720, kilele cha Uhuru 5,895. Mwenye mkataba wa mita 4,000 amekingwa Horombo, na usiku anaolala Kibo akiumwa kichwa na kutapika, ambako ndiko hasa ugonjwa wa mwinuko unakoshika, ameshatoka nje ya bima yake kwa mita 720. Hata Point Lenana ya Mlima Kenya, mita 4,985, imevuka ukomo huo. Taka namba iandikwe: "hadi mita 6,000", pamoja na uokoaji kwa helikopta, na nani anayeidhinisha hiyo helikopta kuruka. Wapiga mbizi nao waulize ukomo wa kina kwa njia hiyohiyo.

Tenganisha kubebwa na kutibiwa. Uanachama uitwao "Maisha" wa AMREF Flying Doctors, kwa mfano, unahusu kukuchukua kwa ndege kukupeleka hospitali. Bili ya hospitali ni suala jingine. Aliyeko Mafia au porini Serengeti anahitaji vyote viwili.

Ukivuka mpaka kwa gari lako, Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania inashiriki, hulipa madhara utakayowafanyia wengine huko Zambia, Kenya, Rwanda au kwingineko katika mpango huo. Gari lako likipondeka, kadi hiyo haiko. Omba bima yako kubwa ipanuliwe hadi nchi hizo kabla hujafika Tunduma, mpakani na Zambia.

Hatua ya saba: soma yasiyokingwa, lipa, hakiki

Anza kusoma nyuma. Mambo yasiyokingwa na masharti ndiyo mkataba. Kurasa za mbele ni ahadi. Kila neno usilolielewa lizungushie kalamu, urudi nalo. Alichokuahidi wakala kwa mdomo, mwambie akiandike kwenye nyongeza ya mkataba. Akisita, umeshapata jibu.

Ada isipolipwa, bima haipo. Lipa kwa akaunti ya kampuni au namba ya malipo, usimpe mtu fedha mkononi, kisha hakiki hati yako kwenye mfumo wa TIRA-MIS kama uko Tanzania. Soma hati iliyochapishwa dhidi ya ile karatasi yako ya hatua ya kwanza, mstari kwa mstari.

Hatua ya nane: siku ya hasara, na baada yake

Toa taarifa siku hiyohiyo. Mikataba huhesabu siku, hata saa. Kwa safari, piga namba ya dharura kabla ya kukubali kulazwa ikiwezekana, maana hospitali isiyoidhinishwa inaweza kukuachia bili. Kwa moto, pata ripoti ya Zimamoto (Tanzania namba yao ni 114). Kwa wizi, ripoti ya polisi. Piga picha kabla hujafagia. Zuia hasara isiongezeke, lakini usijenge upya kabla ya mtathmini kuona.

Ukikataliwa, taka sababu kwa barua, ikitaja kipengele kwa namba yake. Iandikie kampuni kwanza. Isipokusikiliza, Tanzania kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na TIRA yenyewe. Kenya peleka kwa IRA. Na kila mwaka unapohuisha, ichukue tena ile karatasi uifute na kuiandika upya. Mwaka jana shangazi aliezeka baraza kwa bati, makuti yakaisha. Tulikwenda naye ofisini, hati ikabadilishwa, ada ikashuka.